Baba Aliyevaa Leso

Tuliachana wiki jana ndani ya chemba ya Jaji, mjini Kericho, kalamu ya Mheshimiwa ikiwa imebakiza upana wa kidole kufika kwenye karatasi. Ni karatasi gani hiyo? Ni ile ya kumfanya mtoto Kipchirchir, mwenye mwaka mmoja na nusu, mwana wa mchuma chai Chepngeno, awe mwana halali wa Bwana Alexander Osoro na mkewe Elmina, leo na siku zote. Jaji aliuliza, kwa desturi tu, kama kuna mwenye pingamizi. Papo hapo mlango ukafunguka kwa kishindo, na sauti nzito ikasema, "Baba ya huyo mtoto niko hapa!"

Msomaji mmoja wa Kedowa ametuandikia akiapa kwamba sauti ile ni ya mnyapara wa shamba la chai, na kwamba alimjua tangu sura ya pili. Ameweka hata dau la mbuzi.

Pole sana, ndugu yangu wa Kedowa. Tafuta kamba ya mbuzi huyo.

Aliyesimama mlangoni alikuwa mwanamke. Ajuza wa miaka sabini na kitu, leso moja kiunoni, nyingine mabegani, viatu vya mpira vimejaa matope ya Silibwet, na fimbo mkononi ya kuchungia ng'ombe.

Drusilla Nyang'au aliangusha faili.

Kwa wale mnaojiunga nasi leo (mlikuwa wapi?), Drusilla ndiye karani wa Kituo cha Sheria na Ustawi wa Watoto, vyumba viwili juu ya duka la misumari, ambamo wakili Gichana huwatafutia watoto wazazi, huwatafutia wazazi watoto, na kujitafutia jina. Drusilla hujaza fomu, hupiga taipu, hupika chai na hutafsiri. Gichana hupigwa picha.

"Ni nani huyu?" Jaji aliuliza kwa Kiingereza. Alikuwa Mzungu wa makamo, amekuja kutoka Nakuru kwa kikao cha siku mbili, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia mayai. Mkalimani wa mahakama alikuwa likizo kwao Litein. Macho yote yakamgeukia Drusilla, binti wa Kisii aliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai na kukisema Kikipsigis tangu utotoni.

"Kogo, jina lako nani?" Drusilla alimwuliza, akimwita nyanya kwa heshima ya kwao.

"Chepyegon. Nimetoka Silibwet na giza." Kiswahili chake kilikwenda kwa miguu, lakini kilifika. "Huyo kijana ni yangu. Chepngeno ni bibi yangu. Nilioa yeye na ng'ombe yangu mwenyewe, si ya kuomba. Papa ya mtoto ni mimi."

Alexander Osoro alicheka hadi tai ikapanda shingoni.

"Mheshimiwa Jaji," wakili Gichana alisema akiinuka taratibu, maana mtu mkubwa hainuki haraka, "mama huyu akili zimeyumba. Tumhurumie, tumtoe."

Drusilla hakucheka. Angecheka vipi, na habari hii alikuwa nayo tangu Machi?

Siku hiyo ya Machi, Chepngeno aliingia ofisini na mtoto mgongoni na harufu ya majani mabichi mikononi. Drusilla alimsomea fomu, mstari baada ya mstari, hadi penye jina la mume.

"Una bwana?"

"Niko na mwenye alinioa. Mama mmoja wa Silibwet. Alikosa kijana, akanioa nimzalie wa nyumba yake."

Kwa faida ya wasomaji wetu wa Nairobi, wanaodhani kila kitu kilianzia Nairobi: Mkipsigis mwanamke asiyejaliwa mwana wa kiume huweza kutoa ng'ombe zake, akaposa msichana, akamwoa mbele ya watu na pombe ikanywewa. Watoto watakaozaliwa ni wake. Yeye ndiye baba, shamba ni la hao, na aliyezalisha hana neno. Jambo hili hufanywa mchana kweupe na hakuna anayelionea haya, isipokuwa waliosoma.

Drusilla alikuwa amesoma.

"Huyo si bwana," alimwambia Chepngeno. "Hiyo ni mila ya giza. Kanisani hatuiiti ndoa."

"Basi andika vile kanisa inaita," Chepngeno akajibu. "Mimi nataka tu mtoto asirudi Silibwet. Yule kogo ana mdomo mkali. Nikilala dakika moja zaidi, ni maneno mpaka jioni. Akijua mtoto yuko wapi atamchukua, na mimi atanirudisha nyuma yake kama ndama."

Drusilla akachukua kalamu na kuandika: HAJAOLEWA. Mstari wa chini akaandika: BABA HAJULIKANI. Kisha akapiga mstari kwa rula. Mwandiko wake ulipendeza mno, shule ya misheni haikupoteza wakati.

Wakili Gichana akatia sahihi bila kusoma, kwa sababu alikuwa amechelewa kupigwa picha.

Sasa sheria yenyewe haina utani. Mama akiwa ameolewa, mume lazima akubali kwa mkono wake. Asipokubali, mtoto haendi popote. Na karani aliyeandika uongo kwenye fomu ya mahakama huulizwa aliuandika kwa faida ya nani. Drusilla alilijua hilo pia, maana yeye ndiye aliyelitafsiri kwa Kiswahili na kulibandika ukutani ofisini.

"Anasema nini?" Jaji aliuliza.

Drusilla alimwona Osoro, miaka kumi na mitatu ya ndoa bila kilio cha mtoto nyumbani. Alimwaza Elmina, aliyekuwa nje na Chepngeno kwenye benchi la korido, upande ambao ajuza hakupitia, akimbembeleza Kipchirchir. Kwa miezi sita sasa Elmina anamwita mtoto Alexander mdogo na kumshonea kaptula mwenyewe.

"Anasema yeye ni nyanya wa mtoto, Mheshimiwa. Amekuja kumuaga."

Gichana alitikisa kichwa kwa kuridhika. Osoro alipangusa macho. Hata Jaji alitabasamu, akasema nyanya hana sauti katika shauri la namna hii, lakini apewe nafasi amuage mjukuu, halafu atatia sahihi.

Askari wa mahakama, Kipkoech, Mkipsigis wa Sotik, alikohoa pale mlangoni. Hakikuwa kikohozi cha mafua.

Kogo Chepyegon alitazama nyuso zile zilizolegea ghafla. "Mbona wanafurahi? Umeambia huyu Msungu mimi ni nani?"

"Nimemwambia... wewe ni nyanya."

Ajuza hakupiga kelele. Alivuta kiti cha wakili Gichana, kile chenye mto, akakikalia. Gichana akabaki amesimama, kiti hana, na hakujua mikono aiweke wapi.

"Wewe msichana ni wa wapi?"

"Nilizaliwa hapa hapa, Kogo. Sisi ni Wakisii."

"Kisii." Ajuza alilionja neno hilo. "Hata nyinyi mko nayo. Mama akikosa kijana, anaoa. Usinifiche, mimi nimekaa na Kisii miaka mingi. Nyanya yako, mama ya papa yako, alizaa kijana?"

Drusilla aliinama kuokota faili aliloliangusha.

Nyanya Bonareri alizaa mabinti wanne. Mwana wa kiume hakuzaa hata wa dawa. Basi alitoa ng'ombe, akaoa msichana kutoka ng'ambo ya kilima, na msichana huyo ndiye aliyemzaa Mzee Nyang'au, babake Drusilla, mzee wa kanisa, adui wa ngoma na pombe, mtu anayefunga macho harusini vijana wakianza kutikisa mabega. Kwao Drusilla habari hii ilishughulikiwa kama choo cha nyumbani: kipo, kila mtu amekitumia, na hakitajwi mezani.

Bila ndoa ile ya giza Mzee Nyang'au asingekuwapo, na bila Mzee Nyang'au kusingekuwa na karani wa kuandika HAJAOLEWA kwa rula. Drusilla aliona aibu. Haikuwa aibu ya kukamatwa. Ilikuwa aibu ya kumtazama mama mzee machoni, umekwisha kumfuta kwa neno moja, naye bado anakuuliza habari za nyanya yako.

Akapiga moyo konde.

"Mheshimiwa Jaji, nimetafsiri vibaya."

"Drusilla!" Gichana alinong'ona kwa sauti iliyofika hadi kwenye duka la misumari.

"Mama huyu hajasema ni nyanya. Amesema yeye ndiye mume wa Chepngeno. Alimwoa kwa ng'ombe zake, na kwa mila ya hapa mtoto ni wake. Chepngeno mwenyewe aliniambia hivyo mwezi wa tatu. Mimi nikaandika hajaolewa."

Jaji aliweka kalamu chini. Kisha akaiinua, akaikagua, akaiweka tena.

"Unaniambia kwamba mama huyu... ni mume?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Hakuna mila kama hiyo!" Gichana aliruka. Sasa alikuwa na haraka ya mtu mdogo. "Mimi ni mtoto wa milima hii hii. Nimezaliwa Kisii, nimekulia Kericho, sijapata kusikia kitu kama hicho maishani mwangu!"

"Iko, sir," Kipkoech akasema pale mlangoni, akapiga saluti kuulinda ushahidi wake. "Shangazi yangu ameoa mara mbili."

Jaji alimgeukia Drusilla. Uso wake haukuwa na kicheko tena. "Askari ana shangazi. Wewe je? Unamjua mtu yeyote kwa jina, aliyezaliwa katika nyumba kama hiyo, na ambaye hakuna anayemkatalia kuwa ni mwana halali?"

Mvua ya mawe ilianza kupiga mabati, kama kawaida ya Kericho saa nane mchana, nayo haijali kesi ya mtu. Drusilla alingoja ipungue. Haikupungua. Ikabidi apaze sauti.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Baba yangu."

Osoro alifungua mdomo. "Mzee Nyang'au? Mzee Nyang'au wa kanisa letu? Aliyesimamia harusi yangu?"

"Huyo huyo."

"Aliyenikataza keki kwa sababu ina mapambo ya kidunia?"

"Alexander, tafadhali," Gichana alisema. Alikuwa anatazama dari. Yeye pia alikuwa na nyanya, wasomaji wangu, na nina hakika dari ile ilikuwa imeandikwa jina la nyanya huyo.

Jaji aliivuta ile fomu karibu na miwani. "Bwana Gichana. Hapa chini umethibitisha kwamba umekagua kila mstari."

"Mheshimiwa, unajua hawa makarani wetu..."

"Sahihi hii ni ya karani?"

Gichana alirekebisha tai.

"Ni yangu, Mheshimiwa."

"Ndivyo nilivyodhani. Ni kubwa mno." Jaji alifunga faili. "Karatasi haitiwi sahihi leo. Karani, wewe nitakuja kwako, usidhani nimekusahau. Kwanza nataka kumsikia huyo Chepngeno kwa masikio yangu, na mtoto aletwe hapa ndani. Nani yuko naye?"

"Wako nje kwenye benchi," Osoro alisema kwa sauti iliyokufa. "Mke wangu na mama wa mtoto."

Kipkoech alitoka kuwaita.

Kogo Chepyegon aliinama, akamgusa Drusilla goti kwa kidole kimoja kigumu. "Sasa umetafsiri," alisema.

Drusilla alivuta pumzi hadi chini kabisa. Alijiona mwepesi. Kazi huenda imekwenda, Gichana hatamtazama tena, babake atasikia habari zake kabla ya jua kutua na hatakula wiki nzima. Haidhuru. Mtoto amepata kutambuliwa alikotoka, na mama mzee amepata jina lake. Kusema kweli kuna raha yake, hasa ile dakika ya kwanza.

Dakika ya pili Kipkoech alirudi mikono mitupu, maji yakimtiririka kutoka kofiani.

"Wameenda, sir."

"Nani ameenda?"

"Wote, sir. Mlango haukufungwa tangu huyu mama aingie, wamesikia maneno yote. Karani wa dirishani amewaona wakitoka kwa mvua. Mama Elmina alikuwa amebeba viatu vyake. Yule mchuma chai alikuwa amebeba mtoto, na koti la Mama Elmina juu yake."

"Pamoja?" Osoro alishika ukuta. "Elmina wangu? Na huyo? Hawajapata hata kuongea!"

"Walikuwa wameshikana mikono, bwana. Wamepanda lori lililoleta mahindi. Linarudi Mulot."

Tangu asubuhi, wanaume watatu waliosoma walikuwa wamepigania mtoto kwa vifungu na vijifungu. Wanawake wawili wasiojuana walihitaji benchi moja na mlango uliosahauliwa. Mmoja hataki mtoto arudi Silibwet. Mwingine hataki mtoto aondoke mikononi mwake. Lililobaki lilikuwa dereva tu.

Nani aliwatorosha? Drusilla alilijua jibu. Aliposema uongo, mtoto alikuwa nje kwenye benchi, amevishwa sweta, analala. Aliposema kweli, mtoto akawa nyuma ya lori kwenye mvua ya mawe.

Jaji ndiye aliyezinduka kwanza. "Lori hilo litapita Bomet. Kipkoech, kimbia kwenye simu, uwaambie polisi wa Bomet wakae barabarani wasubiri agizo langu. Wasubiri, umesikia? Wasimguse mtu bado."

Kipkoech akatoka mbio.

"Mheshimiwa, mke wangu si mwizi!" Osoro alisema. "Huyo ni mwalimu wa Jumapili!"

"Mke wako amemchukua mtoto kutoka mahakamani, Bwana Osoro, akisaidiwa na mama aliyejua kesi iko ndani. Nikiandika agizo, wanawake wote wawili watalala rumande leo, na sitaweza kusema watatoka lini. Nisipoandika, baada ya Mulot ni Narok, na baada ya Narok ni mwendo wa siku nyingi bila barabara wala polisi. Mtoto huyo hatutamwona tena." Alivua miwani. "Lakini siwezi kuagiza kwa hiari yangu tu. Lazima alalamike mwenye haki juu ya mtoto."

"Mama ndiye mwenye haki," Gichana alidakia.

"Mama yuko kwenye lori, Bwana Gichana. Na kwa ushahidi niliousikia sasa hivi, ambao wewe hukuweza kuupinga, mtoto huyu ana baba."

Wote wakageuka kumtazama ajuza aliyekalia kiti chenye mto. Nusu saa iliyopita walitaka atolewe kwa kuwa akili zimeyumba. Sasa sheria ya Jamhuri nzima, na joho lake na muhuri wake, ilikuwa imesimama mbele yake ikiomba ruhusa.

"Mwulize," Jaji alimwambia Drusilla. "Mwulize kama anataka wakamatwe. Mweleze wote wawili watafungiwa. Na safari hii, binti, tafsiri sawasawa."

Drusilla alipiga magoti kando ya kiti. Alimweleza yote kwa Kikipsigis, pole pole, lori, Bomet, rumande, Mulot, bila kuficha hata tone. Kogo Chepyegon alisikiliza akiwa ameegemea fimbo. Machozi yalimtoka jicho moja tu, naye hakuyafuta.

Kisha akajibu. Hakujibu kwa Kiswahili tena. Alijibu kwa lugha yake, chini kwa chini, ili asikie Drusilla peke yake.

"Wakamate. Wote wawili. Bibi yangu amenikimbia mara mbili sasa, na mimi sina miaka ya kungoja mara ya tatu. Wafungwe, nirudishiwe kijana wangu."

Gichana alinyoosha shingo, hakuambulia kitu. Kilugha hicho aliacha kukijifunza alipoanza kuvaa tai. Osoro hakukijua. Kipkoech alikuwa kwenye simu, upande wa pili wa jengo.

Lori lilikuwa linateremka kuelekea Bomet. Nyuma yake walikuwa wamekaa wanawake wawili, na mmoja wao alikuwa na miguu mitupu.

Jaji alichovya kalamu kwenye wino.

"Anasema nini?" aliuliza.

Drusilla alifungua mdomo, na humo chembani hakukuwa na mtu mwingine hata mmoja ambaye angeweza kujua kama atakachosema ni kweli.